Bei ya Chandarua na Thamani ya Fedha: Historia ya Ununuzi wa Umma wa Kinga ya Malaria Kutoka Idete, Bonde la Kilombero, 1993–2024

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna dhana ya thamani ya fedha katika ununuzi wa umma ilivyobadilika nchini Tanzania, kwa kutumia mfano wa kifaa kimoja: chandarua cha kuzuia mbu. Uchunguzi unaanzia Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero ambako chanjo ya malaria ilijaribiwa mwaka 1993, kisha unafuata mradi wa KINET, Hati Punguzo, ugawaji wa bure wa vyandarua na tafiti za uimara zilizofuata. Hoja kuu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho serikali na wafadhili wake walihesabu vyandarua vilivyonunuliwa, ilhali kilichopaswa kuhesabiwa ni miaka ambayo mtu alilala akiwa amekingwa. Kipimo hicho cha pili kilikwishapatikana katika Bonde la Kilombero kabla ya ununuzi mkubwa wa kitaifa kuanza. Makala yanahitimisha kwamba ununuzi endelevu hauwezekani bila taasisi nunuzi kurudi kijijini kuuliza bidhaa ilidumu kwa muda gani.

1.0 Utangulizi

Idete iko upande wa magharibi wa mji wa Ifakara, kando ya barabara iendayo Mlimba, na kwa mgawanyo wa sasa wa kiutawala ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro. Upande mmoja kuna miteremko ya Udzungwa. Upande mwingine kuna uwanda wa mafuriko wa Mto Kilombero, ambao mwaka 2002 uliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji hayo ndiyo yanayoufanya mpunga ustawi, na ndiyo yanayowazaa mbu. Katika msimu wa kilimo familia nyingi za bonde huhamia mashambani na kulala katika madungu, zikichukua chungu, jembe, mkeka na chandarua.

Huenda msomaji akajiuliza kijiji cha wakulima wa mpunga kinahusiana vipi na sheria za zabuni zinazotungwa Dodoma. Jibu ni kwamba ununuzi wa umma hauishi pale mkataba unaposainiwa wala pale shehena inapopokelewa bohari. Unaishia mahali ambapo bidhaa inatumika hadi inapochakaa. Kwa chandarua mahali hapo ni kitanda cha mtoto, na fedha iliyotumika vibaya hapo haionekani katika vitabu vya hesabu peke yake. Inaonekana pia katika daftari la wagonjwa la zahanati.

Neno thamani ya fedha linatumika katika makala haya kwa maana ya uwiano kati ya gharama yote ya bidhaa na manufaa yote yanayopatikana katika muda wote wa matumizi yake. Ununuzi endelevu ni ule unaozingatia, pamoja na bei, athari za bidhaa kwa jamii na mazingira hadi mwisho wa uhai wake. Makala yanafuata mpangilio wa kihistoria, kwa kuwa kila hatua ya ununuzi wa vyandarua ilikuwa jaribio la kusahihisha kasoro ya hatua iliyotangulia.

2.0 Usuli: Bei Kama Kipimo

Wakati wa utawala wa Kiingereza, vifaa vingi vya serikali ya Tanganyika viliagizwa kupitia Crown Agents, mawakala wa London waliozinunulia serikali za makoloni. Afisa wa wilaya aliandika mahitaji. Uchaguzi wa mtengenezaji na bei ulifanyika mbali. Baada ya uhuru mwaka 1961 mamlaka ya kununua yalihamia nchini, chini ya sheria za fedha na ukaguzi na chini ya Bodi Kuu ya Zabuni. Hata hivyo, mantiki ya ununuzi haikubadilika sana. Afisa wa serikali alijilinda dhidi ya tuhuma kwa kuonyesha kwamba alimchagua mzabuni mwenye bei ya chini.

Mantiki hiyo haikuwa ya kijinga. Bei ni namba moja, inaonekana na kila mtu, na ni vigumu kuipinda bila kuonekana. Katika nchi yenye fedha kidogo na wakaguzi wachache, sheria ya bei ya chini ilikuwa uzio dhidi ya upendeleo. Udhaifu wake ni kwamba inafaa zaidi kwa bidhaa ambazo ubora wake unajulikana siku ya kununua. Mfuko wa sukari wenye uzito sahihi ni mfuko wa sukari. Chandarua siku ya kwanza hakimwambii mnunuzi kitakuwaje baada ya misimu miwili ya kufungwa na kufunguliwa dunguni.

Mageuzi ya kisheria yalikuja kwa awamu. Mwaka 1993 Bunge lilitunga Sheria Na. 13 iliyounda Bohari ya Dawa, chombo kilichopewa jukumu la kununua, kutunza na kusambaza dawa na vifaa tiba. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 3 ya 2001 ilifuatiwa na Sheria Na. 21 ya 2004, iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma. Kisha ikaja Sheria Na. 7 ya 2011, iliyoanza kutumika mwishoni mwa 2013. Sheria hizo zilifungua mlango muhimu: mshindi wa zabuni ni mwenye gharama ya chini baada ya tathmini, si lazima awe mwenye bei ya chini iliyoandikwa katika zabuni. Swali lililobaki lilikuwa la utendaji. Tathmini hiyo ingefanywa kwa taarifa zipi?

3.0 Idete, 1993: Kupima Kabla ya Kununua

Taarifa za aina hiyo zilikuwa zikikusanywa bondeni muda mrefu kabla ya sheria kuzihitaji. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ya utafiti Ifakara chini ya Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Uswisi. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wamekadiria kwamba mkazi wa eneo la Idete angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria takriban mara 300 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, karibu kila usiku palikuwa na mbu wa kumwambukiza.

Kwa sababu hiyo Idete ilichaguliwa kuwa mahali pa kujaribu chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Jaribio lilianza mwaka 1993 likiongozwa na Pedro Alonso na wenzake, wakiwamo watafiti Watanzania, na liliwahusu watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Ilikuwa habari kubwa duniani, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza chanjo ya malaria kupimwa kwa utaratibu huo kwa watoto wa Afrika. Lakini majaribio yaliyofanyika baadaye Gambia na Thailand hayakuona kinga, na SPf66 ikaachwa.

Kwa historia ya ununuzi, kisa hicho kina fundisho lisilohusu chanjo peke yake. Matokeo ya Idete yalikuwa na ukingo mpana wa shaka, na yalipimwa tena mahali pengine kabla ya serikali yoyote kuifanya chanjo hiyo kuwa sehemu ya bajeti yake. Gharama ya kupima mara mbili ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kununua kwa miaka kumi kitu kisichofanya kazi. Watoto wa Idete na wazazi wao walichangia uamuzi huo kwa miili na muda wao, ingawa majina yao hayamo katika mkataba wowote. Kama itakavyoonekana, nidhamu hiyo ya kupima kabla ya kununua haikufuatwa kwa ukamilifu wakati chandarua kilipochukua nafasi ya chanjo katika matumaini ya wataalamu.

4.0 Mradi wa KINET: Kuhesabu Miaka Badala ya Vyandarua

Mradi wa KINET ulifanyika katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1996, na mauzo ya vyandarua yalianza mwaka 1997. Vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu kupitia wenye maduka, mawakala wa vijijini na vituo vya afya. Utafiti wa awali ulionyesha jambo ambalo mnunuzi wa Dar es Salaam asingelijua: watu wengi walitaka chandarua kwanza kwa ajili ya kupata usingizi kutokana na kero ya mbu, na wengi hawakuihusisha degedege ya mtoto na malaria. Kwa hiyo elimu iliandaliwa kwa lugha na uelewa wa wenyeji, na bidhaa ilitolewa kwa namna waliyoitaka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Katika muda wa miaka mitatu, watoto wachanga waliolala ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika eneo la ufuatiliaji waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Matumizi ya vyandarua hivyo yalihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Ni nadra kwa bidhaa iliyonunuliwa dukani kijijini kupimwa kwa kipimo kizito namna hiyo.

Kwa mada yetu, hata hivyo, mchango mkubwa zaidi wa KINET ulikuwa katika uhasibu wake. Wachumi waliotathmini mradi hawakutosheka na kuuliza kila chandarua kiligharimu kiasi gani. Waliuliza gharama ya mwaka mmoja wa chandarua chenye dawa, na wakapata zaidi kidogo ya dola 13 za Marekani. Tofauti ya maswali hayo mawili ni kubwa. Vyandarua vya wakati huo vilipoteza dawa kwa kufuliwa na vilihitaji kuchovywa upya mara kwa mara. Familia nyingi zilinunua chandarua, lakini ni chache zilizorudi kununua dawa kila ilipohitajika. Chandarua kilichoonekana cha bei nafuu siku ya kwanza kilikuwa na bili iliyofichwa, na mlipaji wa bili hiyo alikuwa mama wa kijijini.

Hivyo kipimo cha mwaka wa kukingwa kilikuwa kimekwishaandikwa na kuchapishwa kutokana na Bonde la Kilombero kabla ya serikali kuagiza vyandarua kwa mamilioni. Inashangaza kwamba kilichukua muda mrefu kufika katika nyaraka za zabuni.

5.0 Hati Punguzo: Fedha ya Umma Katika Duka la Mtu Binafsi

KINET ilibuni pia njia ya kuwapunguzia bei wajawazito na mama wenye watoto wadogo: karatasi iliyotolewa kliniki, ambayo mwenye duka aliipokea kama sehemu ya malipo. Wazo hilo lilikuja kuwa mpango wa taifa. Mwezi Oktoba 2004, kwa fedha za Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, Hati Punguzo ilianza kutolewa kwa wajawazito, na baadaye kwa watoto wachanga kwa msaada wa Mpango wa Rais wa Marekani wa Kudhibiti Malaria.

Kwa mtazamo wa ununuzi, Hati Punguzo ilikuwa mpango usio wa kawaida. Serikali haikununua chandarua. Ilinunua punguzo, na mwananchi akachagua duka na bidhaa. Faida yake ilikuwa dhahiri. Maduka ya vijijini yaliendelea kuuza vyandarua, mnyororo wa usambazaji haukutegemea malori ya serikali, na mnunuzi aliyeona chandarua dhaifu alikuwa na uwezo wa kukikataa. Huo ndio udhibiti wa ubora wa zamani kuliko bodi zote za zabuni.

Kasoro yake ilikuwa ya haki. Hati ilikuwa na thamani isiyobadilika, wakati bei ya chandarua ilibadilika. Tofauti ilijazwa na mama mwenyewe, na aliyeshindwa kuijaza alirudi nyumbani na karatasi. Tangu awamu ya KINET tathmini zilionyesha kwamba kaya maskini zilinufaika kidogo kuliko kaya zenye uwezo. Mwaka 2009 mpango ulibadilishwa: hati ikawa ya chandarua chenye dawa ya muda mrefu, na nyongeza ya mwananchi ikawekwa kuwa shilingi 500. Haki iliongezeka, lakini kwa kuwa bidhaa ilikuwa ya aina moja, uchaguzi wa mnunuzi ulipungua. Mpango ulifikia mwisho mwaka 2014.

Fundisho la awamu hii ni kwamba thamani ya fedha ina upande wa jamii. Punguzo linalomfikia mwenye uwezo na kumkosa asiye nao linaweza kuonekana la gharama ndogo katika hesabu ya jumla, huku likimwacha bila kinga mtoto aliye katika hatari kubwa zaidi.

6.0 Ugawaji wa Bure na Zabuni Kubwa

Wakati huohuo bidhaa yenyewe ilikuwa imebadilika. Teknolojia ya kuchanganya dawa na nyuzi wakati wa utengenezaji iliondoa haja ya kuchovya chandarua kila mara. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z Textile Mills cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya aina hiyo kwa teknolojia iliyohamishwa na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Kwa mara ya kwanza bidhaa iliyobuniwa ughaibuni kwa ajili ya wakulima wa mabonde kama Kilombero ilishonwa na mikono ya Watanzania. Ajira hizo ni sehemu ya hesabu ya thamani ambayo bei ya zabuni haiionyeshi.

Baada ya Shirika la Afya Duniani kuhimiza kila mtu aliye katika hatari apate chandarua, Tanzania iligawa vyandarua bure kwa kampeni mbili. Ya kwanza, iliyoanza mwaka 2008, iliwalenga watoto chini ya miaka 5 na ilitoa karibu vyandarua milioni 9. Ya pili, ya mwaka 2010 na 2011, ilitoa karibu milioni 18 ili kila sehemu ya kulala iwe na chandarua. Kuanzia mwaka 2013 ugawaji kupitia shule za msingi ulianza katika mikoa ya kusini ili kuziba mapengo.

Kwa ukubwa huo ununuzi ulichukua sura mpya. Mnunuzi alikuwa mmoja, wazabuni wachache, na kiasi kilikuwa kikubwa hata tofauti ya senti chache kwa kila chandarua ilikuwa mamilioni ya dola. Shinikizo la bei ya chini lilirudi kwa nguvu, safari hii likiwa na hoja ya kibinadamu: kila senti iliyookolewa ingenunua chandarua kingine kwa mtoto mwingine. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa sharti moja tu, kwamba vyandarua vyote vinadumu sawa. Mipango ya nchi na wafadhili ilichukulia kwamba kila chandarua kitadumu miaka 3. Dhana hiyo ndiyo iliyoamua ni vyandarua vingapi vinunuliwe na kampeni irudiwe lini.

7.0 Miaka Miwili Badala ya Mitatu

Mwishoni mwa 2013, katika kipindi kilekile ambacho Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 ilikuwa inaanza kutumika, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao walianza kuipima dhana hiyo. Waligawa vyandarua 10,571 vya aina tatu kwa kaya 3,393 katika wilaya nane za Tanzania, kwa mpango wa bahati nasibu, kisha wakavifuatilia kwa miaka mitatu. Walihesabu matundu, wakauliza vilivyotupwa na kupima dawa iliyobaki.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba hakuna aina hata moja iliyofikia miaka 3. Muda wa kati wa kufaa kwa matumizi ulikuwa miaka 2.0 kwa aina ya kwanza, 2.5 kwa ya pili na 2.6 kwa ya tatu. Hivyo bidhaa zilizoonekana sawa mbele ya kamati ya tathmini zilitofautiana kwa zaidi ya miezi sita zilipofika nyumbani kwa mtumiaji.

Athari ya matokeo hayo inaonekana kwa hesabu rahisi. Tuchukue mfano wa kufikirika wa vyandarua viwili. Cha kwanza kinauzwa shilingi 6,000 na kinadumu miaka 2. Cha pili kinauzwa shilingi 7,000 na kinadumu miaka 2.5. Usafirishaji na ugawaji wa kila kimoja hugharimu shilingi 2,000. Bodi inayotazama bei itachagua cha kwanza na kujipongeza kwa kuokoa shilingi 1,000. Lakini mwaka mmoja wa kukingwa kwa chandarua cha kwanza unagharimu shilingi 4,000, na kwa cha pili shilingi 3,600. Mnunuzi aliyeokoa shilingi 1,000 siku ya zabuni amepoteza shilingi 400 kila mwaka kwa kila kitanda. Aidha, kama kampeni inarudiwa kila baada ya miaka 3, vitanda vya waliopata chandarua cha kwanza vitabaki bila kinga ya kufaa kwa mwaka mzima. Hasara hiyo ya pili haimo katika kitabu chochote cha fedha.

Hapa ndipo kauli ya sheria kuhusu gharama baada ya tathmini inapopata maana. Sheria iliruhusu kutazama zaidi ya bei. Kilichokosekana ni taarifa za uimara zilizopatikana katika nyumba halisi. Chandarua kinachopimwa maabara hakijui msumari wa kitanda cha kamba, moshi wa jikoni, wala safari ya kwenda dunguni na kurudi kila msimu. Taarifa hizo zinapatikana vijijini pekee.

8.0 Mbu Aliyebadilika

Hesabu ya uimara ingetosha kama mbu angebaki yuleyule. Hakubaki. Tafiti za hivi karibuni katika vijiji vya Kilombero na Ulanga zimeonyesha kwamba Anopheles funestus, mbu aliyejenga usugu dhidi ya dawa ya kawaida ya vyandarua, ndiye anayesababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi yanayoendelea. Chandarua kizima kisicho na tundu kinaweza sasa kuwa kizuizi cha nguo tu, bila kumuua mbu anayekigusa.

Jibu la swali la kununua nini lilipatikana kaskazini mwa nchi. Katika wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vipya vyenye dawa mbili vililinganishwa na vile vya kawaida. Baada ya miaka miwili, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022, maambukizi miongoni mwa watoto yalikuwa asilimia 45.8 mahali palipogawiwa vyandarua vya kawaida na asilimia 25.6 palipogawiwa vyenye dawa ya ziada ya klorfenapiri. Vyandarua hivyo vilikuwa na bei ya juu zaidi. Hata hivyo tathmini ya kiuchumi ilionyesha kwamba vilikuwa na thamani kubwa zaidi ya fedha, kwa kuwa wagonjwa waliopungua walipunguza gharama za matibabu kwa serikali na kwa kaya. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza kwa maeneo yenye mbu sugu.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Mhasibu wa umma anaweza kuongeza kwamba kinga hafifu hulipiwa mara mbili: mara ya kwanza katika bajeti ya vyandarua, mara ya pili katika bajeti ya dawa.

9.0 Chandarua Chakavu na Dhana ya Uendelevu

Shabaha ya 7 ya Lengo la 12 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inazitaka nchi ziendeleze ununuzi wa umma ulio endelevu. Mara nyingi lengo hilo husomwa kama suala la magari na majengo ya ofisi. Chandarua kinaonyesha kwamba linahusu pia afya ya kijijini.

Chandarua cha kisasa ni plastiki. Kinaposhindwa kumkinga mtu hakiozi. Wakazi wa vijijini hukifanya uzio wa bustani ya mchicha, kifuniko cha banda la vifaranga au kamba ya kufungia mzigo. Matumizi hayo ni ya busara, na si haki kuyaita ufujaji. Tatizo ni pale kinapoingia majini. Tundu dogo la chandarua hunasa hata vifaranga vya samaki, na katika mto kama Kilombero, ambao samaki wake ni kitoweo na kipato, hasara hiyo hurudi kwenye sahani ya mtoto yuleyule aliyekusudiwa kukingwa. Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki; kwa vyandarua mantiki hiyo bado inahitaji kuingizwa katika masharti ya ununuzi: nani atakusanya vilivyochakaa, na kwa gharama ya nani?

Ni vyema kutambua kwamba uimara na mazingira haviko katika mashindano. Bidhaa inayodumu muda mrefu inapunguza gharama kwa mwaka na inapunguza taka kwa pamoja. Uendelevu na thamani ya fedha vinapopimwa kwa muda wa matumizi, vinakuwa swali moja.

10.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ni ya takriban miaka 30. Ilianza na watoto 586 wa kijiji kimoja na ikafika kwenye mamilioni ya vyandarua. Katika kipindi hicho Tanzania ilijifunza kutunga sheria bora za ununuzi. Sheria mpya, Na. 10 ya 2023, ilianza kutumika Juni 2024, na zabuni sasa zinapita katika mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza mwaka 2023. Mfumo huo unaweza kuonyesha nani ameshinda na kwa bei gani. Wenyewe hauwezi kuonyesha kama chandarua kilichonunuliwa bado kinaning'inia juu ya kitanda Idete baada ya mavuno ya pili.

Kutokana na mjadala huu makala yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, zabuni za vyandarua zilinganishwe kwa gharama ya mwaka wa kukingwa, zikijumuisha usambazaji na ukusanyaji wa vilivyochakaa. Pili, sehemu ndogo ya fedha za kila ununuzi itengwe kwa ajili ya kufuatilia uimara wa bidhaa katika kaya, na matokeo yawe kigezo cha lazima katika zabuni inayofuata. Tatu, ufuatiliaji huo utumie vituo vya afya na serikali za vijiji, ambavyo tayari vinawajua watumiaji kwa majina na vinaweza kufika dunguni wakati wa kilimo.

Mapendekezo hayo yana uzito zaidi katika wakati ambao fedha za wafadhili haziwezi kuchukuliwa kuwa za kudumu. Kwa miaka mingi makosa ya ununuzi wa vyandarua yalilipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za nje. Yatakapolipiwa na hazina ya taifa, kila mwaka mmoja wa kukingwa unaopotea utakuwa umekatwa katika zahanati, shule au barabara. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vyandarua vya umma daftari lipo, lakini limeandikwa upande mmoja tu: upande wa siku ya kununua. Upande wa pili uko mikononi mwa mama wa Idete, ambaye akiulizwa anaweza kusema chandarua chake kilipasuka msimu gani. Taasisi nunuzi inayotaka thamani ya fedha haina budi kumuuliza kabla ya kufungua bahasha za zabuni inayofuata.